Gauni Lisilotakiwa Kushonwa

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tangu darasa la tano, alipowapita wenzake wote kwa kichwa kizima, aliitwa Mlingoti, na jina likamganda. Hata siku aliyosaini mkataba wake wa kwanza wa kupigwa picha za matangazo, mwenye ofisi alimuuliza, "Ndiyo wewe Mlingoti?" naye akaitika, maana jina la utani ukilikasirikia ndiyo unalitia mbolea.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, akishonea sebuleni karibu na dirisha. Urefu wa binti ulimpa mama kazi kabla haujampa binti kazi: kila muhula pindo la sketi ya shule lilifumuliwa likashushwa, mpaka pindo likaisha, ikabidi kuunga kitambaa. Sasa urefu huohuo ulikuwa umetandazwa kwenye bango la sabuni pale njia panda, Mlingoti anacheka, povu limejaa viganjani. Wapita njia walisimama kulitazama. Mama naye alisimama, siku moja tu, akatazama weee, kisha akasema, "Bega la kushoto limekaa vibaya. Aliyeshona hakupima." Akaenda zake kununua zipu.

Usije ukadhani ni roho mbaya. Kuna watu husema kwa mdomo na kuna watu husema kwa mikono, na mama huyu mdomo wake ulikuwa wa kushikia pini. Ukimkosea, anakushonea. Ukifaulu mtihani, anakushonea. Baba mtu alipofariki, alikaa kwenye cherehani siku tatu akashona mapazia ya nyumba nzima, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba yale ya zamani yalikuwa bado mazima. Alikuwa na msemo mmoja, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," na ufa ukishazibwa, kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha.

Miaka minne ya uanamitindo ilimfundisha Mlingoti mambo ambayo asiyeyajua huyaona mepesi. Alijua kutopepesa macho mpaka taa iwake na kuzima. Alijua kwamba upande wake wa kulia unauza kuliko wa kushoto. Zaidi ya yote, aliijua lenzi ilipo hata akiwa ameipa mgongo, kama mtu anavyojua jiko liko upande gani chumbani bila kulitazama. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake, na hakuna aliyemwambia kwamba siku moja itamponza.

Basi akapata filamu. Mara tatu za mwanzo alikuwa amepita tu nyuma ya watu na sinia la glasi, lakini safari hii hadithi ilikuwa yake. Msichana maskini anafanya kazi kwa tajiri mmoja. Tajiri anamshika kwa nguvu, msichana anajinasua, gauni linachanika ubavuni, anakimbia barabarani watu wakimtazama. Anafika nyumbani, mama yake anamwona mlangoni na kumuuliza, "Umetoka wapi na hali hiyo?" Naye anajibu, "Nimeanguka tu, mama." Maneno matatu. Mwongozaji aliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba filamu nzima imeegemea maneno hayo matatu, na wasipoyapata, wote warudi makwao wakalime.

Mwongozaji huyo alikuwa mtu mwembamba, wa kunong'ona, na mpole akikasirika heri mkali. Ijumaa walipiga sehemu ya nje, barabara imefungwa, watu sitini wamekodiwa kuwa majirani na wauza duka. Mlingoti alikimbia mbele yao mara nne, kwa mbali na kwa mgongo, gauni linapepea pale lilipochanika. Vizuri kabisa. Halafu wakaingia ndani kufanya mazoezi ya yale maneno matatu, na hapo mambo yakaharibika. Alirudia mara kumi na moja. Kila akifika kwenye "nimeanguka," shingo yake inajigeuza yenyewe, upande wa kulia unakwenda kwenye taa, kidevu kinashuka kidogo, macho yanaipata lenzi. Machozi yalitoka, tena mazuri, yakishuka kwa mpangilio.

"Unalia kama unauza machozi," mwongozaji alimnong'oneza. "Na gauni hili unalivaa kama unaliuza. Huyu msichana hana lingine, unaelewa? Hili ndilo alilonalo."

"Nitajirekebisha."

"Jumatatu saa nane mchana tunapiga onyesho hili. Nimemwita binti mwingine aje, analingana nawe kwa urefu. Leo tumekupiga kwa mgongo, uso wako haumo. Wewe naweza kukubadilisha." Akavua miwani akaifuta. "Gauni siwezi."

Alikuwa anasema kweli. Gauni lilikuwa moja tu, kitambaa chake kilitoka sandukuni kwa bibi ya mtu na hakipatikani tena, na tayari lilikuwa limepigwa picha likiwa limechanika, mbele ya watu sitini. Mtunzaji wake alikuwa mama mmoja mnene waliyemwita Daftari, kwa sababu ya daftari alilotembea nalo kwapani. Filamu haipigwi kwa mpangilio. Mtu anaweza kuufungua mlango Ijumaa akatokea ndani Jumatatu, na ole wake akiingia amechanika akatokea mzima. Kazi ya Daftari ilikuwa kuandika kifungo kipi kilikuwa wazi, nywele ziliangukia upande gani, glasi ilibaki na maji kiasi gani. Sheria yake moja aliirudia kama sala, kwamba nguo haitoki hapa.

Mlingoti aliitoa. Ijumaa jioni alivaa koti refu juu ya gauni, akamuaga Daftari kwa adabu zote, akaondoka. Hakuwa mwizi. Aliambiwa hajui kulivaa, basi akaona akae nalo, alale nalo, aoshe nalo vyombo, mpaka limzoee. Na ukimuuliza msimulizi huyu, wazo halikuwa baya, lilimkuta tu kwenye nyumba ya fundi.

Jumapili mama alitoka asubuhi kupeleka nguo za wateja. Mlingoti alifagia akiwa na gauni, akamenya viazi akiwa na gauni, akaketi sakafuni akisema yale maneno matatu kwa sufuria. Sufuria haikuamini. Alipochoka alilivua, akalitupia kwenye kiti cha sebuleni, akaoga, akalala. Usingizini alisikia cherehani likilia, lakini katika nyumba ile sauti ya cherehani ilikuwa kama pumzi ya mwenye nyumba, hakuna anayeamka kwa ajili yake.

Jumatatu alichelewa kuamka. Mama alikuwa mlangoni na mfuko wa karatasi.

"Gauni lako la kazi nimekuwekea humu."

"Asante, mama."

Mama hakuuachia mfuko mara moja. Alimtazama bintiye usoni, akamtazama mikononi, kwenye viwiko, shingoni, kama mtu anayetafuta doa kwenye kitambaa cheupe. Mdomo ulifunguka. "Umekunywa chai?" akauliza.

"Nitakunywa kazini."

Akaachia.

Nyumba iliyokodiwa kwa filamu ilikuwa imejaa nyaya, ukiingia unaruka kama unacheza kamba. Kwenye kiti kando ya mlango aliketi yule binti mwingine, mrefu kweli, miguu amekunja, mikono mapajani. Alimwamkia kwa heshima. Mlingoti alipita bila kumtazama, akaingia chumba cha mavazi, akaungama kwa Daftari kabla hajaulizwa, akafungua mfuko.

Gauni lilikuwa limefuliwa. Limepigwa pasi. Limekunjwa mikono nyuma kama shati la dukani. Vumbi la Ijumaa, alilolipaka Daftari kwa kupima na kijiko, halikuwepo. Lilinukia sabuni, tena ileile ya kwenye bango.

Daftari alivaa miwani. Akaligeuza gauni ubavu wa kushoto, akaligeuza wa kulia, akarudi kushoto, akalipindua ndani nje.

"Uko wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Mpasuko! Mpasuko wangu uko wapi?"

Wakautafuta wote wawili kwa kidole na wasiupate. Uzi ulikuwa umetolewa kwenye akiba ya mshono wa ndani wa gauni lenyewe, ukafumwa humo uzi kwa uzi, ukifuata mfumo wa kitambaa. Palipochanika palikuwa pazima kuliko pasipochanika.

"Nani amefanya hivi? Jini?"

"Mama yangu."

Daftari aliketi juu ya sanduku. "Basi mama yako ni fundi," alisema polepole. "Na sisi tumekwisha."

Mwongozaji aliitwa. Alilishika gauni muda mrefu. Mtu mmoja wa taa alisema si mkasi upo, likatwe tena, na Daftari akamgeukia kama aliyetukanwa mzazi. Mkasi unakata, alisema, haupasui. Nyuzi zake zitakuwa sawasawa kama meno ya kitana na kamera itaona, na wale watu sitini hawarudi. Mwongozaji alitazama saa, ilikuwa saa nne na robo. Kisha, bila kutaka, jicho lake likaenda kwenye kiti cha kando ya mlango. Yule binti mwingine alikuwa amesimama.

"Pole, dada," alimwambia Mlingoti, na ubaya wa pole ile ni kwamba ilitoka moyoni.

Mlingoti alitoka uani na simu. Alijua namba, alijua maneno, lakini kidole kilikataa. Mara ya kwanza katika miaka minne mama alikuwa ameigusa kazi yake kwa mikono, na sasa ampigie simu kumwambia mikono ile imeharibu? Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini ya kwake yalikuwa yamekuja na ukoo mzima. Akapiga.

"Mama, lile gauni lilitakiwa lichanike."

Mguu ulisikika ukiacha kukanyaga cherehani.

"Ni la filamu, mama. Mpasuko ni wa hadithi. Wanautaka kama ulivyokuwa, na mpasuko usiporudi kabla ya saa nane, nimepoteza kazi."

"Wa hadithi," mama alirudia. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho binti hakukielewa, kama mtu aliyetua mzigo halafu akaona aibu kwa kuubeba. "Nielekeze njia. Na asiliguse mtu."

Alifika kabla ya saa sita, na kopo lake la biskuti lenye sindano, nyembe na nyuzi. Aliwaamkia wote, hakushangaa taa wala nyaya. Daftari alimpa picha za Ijumaa, amezipanga kwa namba, tayari kumfundisha. Mama alizitazama kidogo akazirudisha.

"Hizi zinaonyesha nje tu. Ndani ulianzia chini ya kwapa, kwenye mshono. Ukashuka vidole vinne, ukakutana na uzi mnene, ukapinda kwenda mbele kama herufi L. Hapo mwisho nyuzi tatu zilikuwa ndefu." Akavaa miwani. "Nguo nikiishona naikumbuka ilivyoumia."

Daftari alifungua daftari lake akaanza kuandika, mara ya kwanza mtu anamwona akiandika maneno ya mwingine.

"Vaa," mama alimwambia bintiye. "Nguo ilichanikia mwilini. Mezani haitakubali."

Mlango ukafungwa, wakabaki wawili. Mlingoti alisimama mkono umeinuliwa, mama amepiga magoti sakafuni, wembe vidoleni, akifumua. Ilikuwa kazi ya kupumulia puani. Uzi mmoja unachomolewa, mwingine unafuata, na ule ubavu ukaanza kufunguka taratibu, hewa ikaingia.

"Samahani, mama. Umelishona vizuri sana."

"Najua."

Nyuzi nyingine mbili zikatoka.

"Nilipolikuta kwenye kiti," mama alisema, akiongea na kitambaa, "nilidhani kuna mtu amekushika."

Mlingoti aliinamisha kichwa kumtazama.

"Nikaja chumbani kukuuliza. Ulikuwa umelala. Nikasimama pale. Nikasema, akiamka akaniambia ndiyo, nitafanya nini? Nikaogopa. Nikarudi nikashona." Wembe ulisimama. "Nikadhani imetokea tena."

"Tena?"

"Ile blauzi ya bluu."

Mlingoti akaushusha mkono aliokuwa ameuinua. Blauzi ya bluu ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Kulikuwa na mpiga picha mmoja, chumba kimoja, na ufunguo uliozungushwa kwa ndani. Alijinasua, mkono wa blauzi ukang'oka begani, akatoka. Nyumbani aliichimbia blauzi chini kabisa ya tenga la nguo chafu. Wiki iliyofuata aliikuta kabatini imefuliwa, imenyooshwa, bega limeshonwa hata huwezi kujua. Hakuuliza nani kaishona, na aliyeishona hakuuliza nani kaichana. Hakuivaa tena. Kila asubuhi kwa miaka miwili alifungua kabati akaikuta inamtazama, nzima kabisa.

"Ulijua?" alisema.

Mlango ukagongwa. Saa nane kasorobo. Mama alichomoa nyuzi tatu za mwisho, akaziacha ndefu, akainuka kwa kushika kiuno. Daftari aliingia na vumbi lake na maji ya majani ya chai, akaufuatisha uchafu kama alivyoandika. Kisha akasogeza picha ya Ijumaa karibu na ubavu wa Mlingoti, akaangalia huku na huku, macho yakamlowa. "Wenyewe," alisema. "Umerudi wenyewe."

Mama alionyeshwa pa kusimama, nyuma ya kamera, akaambiwa asikohoe. Mwigizaji mzee aliyecheza kama mama wa msichana alikaa kwenye kigoda chake. Yule binti mwingine alisimama ukutani. Mwongozaji alinong'ona, "Haya. Anza."

Mlingoti aliusukuma mlango akaingia. Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwemo kwenye karatasi wala kwenye mazoezi. Mkono wake wa kushoto ulienda ubavuni ukakusanya ule mpasuko kwenye ngumi, kama mtu anayeficha kitu asichotaka kionwe na mtu anayempenda. Kwa kuwa mpasuko ulikuwa kushoto, na mama wa kwenye filamu ameketi kulia kwake, katika kuuficha aliigeuzia kamera upande ule ambao hajawahi kuuuza. Hakujua. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, hakujua lenzi iko wapi.

"Umetoka wapi na hali hiyo?" aliuliza mama wa kwenye filamu.

Alichelewa kujibu. Alichelewa mpaka mtu wa sauti akainua kichwa. Alikuwa anatazama mikono ya yule mama mzee, mikono tu, kama anasubiri ichukue sindano.

"Nimeanguka tu, mama."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayesema chakula kiko mezani. Hakulia. Mama wa kwenye filamu alitakiwa kuinuka na hakuinuka, alibaki kwenye kigoda anamtazama, na machozi yakaanza kumtoka yeye. Hakuna aliyetikisika. Mwongozaji alisahau kusema kata, akaja kukumbuka baada ya muda, akaisema chini chini kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Tumepata," alisema. Kisha akamwendea yule binti mwingine, akamshukuru kwa kuja, akamwambia aende nyumbani. Binti yule, kabla ya kutoka, alimshika Mlingoti mkono bila kusema pole.

Mama aliwafuata Daftari na gauni mpaka chumba cha mavazi. "Sasa naweza kulishona?"

"Mama, nakupigia magoti!" Daftari alilikumbatia gauni kifuani. "Bado siku sita. Ukilisogelea nakufunga kamba." Kicheko kikapasuka chumba kizima, na mama naye akacheka.

Baadaye wakakaa wawili kwenye ngazi za uani, jua bado liko juu, mafundi wanakusanya nyaya. Mlingoti alikuwa amevaa nguo zake. Kopo la biskuti lilikuwa mapajani mwa mama, kifuniko kiko wazi, na vidole vyake vikitembea ndani yake, vikigusa uzi huu, vikiacha, vikigusa ule.

"Yule mama mwenzangu aliuliza," mama alisema.

"Imeandikwa, mama. Lazima aulize."

"Hata kama imeandikwa. Aliuliza."

Mama akafunika kopo. Akaliweka chini, kwenye ngazi ya chini, mbali kidogo, mahali ambapo ukilitaka lazima uinuke. Halafu akageuka mwili mzima akamtazama bintiye, mikono yake mitupu ikiwa haijui iende wapi.

"Ile blauzi. Nani aliichana?"

Yale maneno matatu yalikuwepo, tena tayari mdomoni. Mlingoti alikuwa ameyarudia siku nne mpaka yakalainika, na leo watu wazima walikuwa wamelia kwa kuyasikia. Kuyasema mara moja zaidi hakungemgharimu chochote.

"Sikuanguka, mama," alisema. "Nilishikwa."

Akaanza kusimulia, kutoka kwenye ufunguo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, na kopo likabaki palepale chini.